Noti Iliyopasuka



Tulivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie hadi Kigoma, watu wanne wa parokia moja, tukiwa na dola chache za safari. Kwetu Kongo kila mtu anajua: dola yenye mpasuko hata mdogo haipokelewi. Noti yetu moja ya dola 20 ilikuwa imepasuka pembeni. Jioni, bandarini Kigoma, tuliificha katikati ya nyingine, tukamkabidhi kijana mbadilisha fedha. Alituhesabia shilingi bila kuikunjua. Tuliondoka tukijisifu kwa werevu wetu.

Usiku, wakati wa sala, mdogo wetu aliuliza: «Mwalimu, tumwombee na yule kijana?» Hakuna aliyejibu.

Asubuhi tulimrudia. Tajiri wake alikwisha kumwambia kwamba hasara ni juu yake. Tulimrudishia shilingi, tukamwomba msamaha, tukaichukua noti yetu. Safari ya kurudi tuliila kwa mkate mkavu.

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Sisi tulirudisha kile kile tulichochukua, na hata hivyo mioyo yetu ilisitasita njiani.

Mkivuka mpaka, ulizeni bei ya siku, hesabuni fedha mbele ya aliyewapa, kagueni kila noti. Na iliyo mbovu msimtwishe mwingine. Ile yetu tungali nayo ndani ya kitabu cha mafundisho, nasi huwaonyesha wanaojiandaa kwa Kipaimara.

Je, kikundi chenu kingerudi bandarini?