Darasa za Marhum Baba Katika Diski

Marhum baba yetu, Allah amrehemu, hakuacha kitabu. Alichotuachia ni darasa zake za tafsiri baada ya sala ya alfajiri katika Ramadhani, ambazo wajukuu walizirekodi kwa simu, kila mmoja kwa namna yake. Eda ya mama ilipokwisha tulikaa sisi watoto tukayakusanya mafaili, tukapata 17. Mengine yalikwenda na simu iliyoibwa, na hayo hayarudi.

Mama hatumii simu ya kupangusa. Macho yake hayaiwezi. Anayo deki ya DVD na runinga ya chogo. Wapo waliotushauri tumnunulie runinga mpya inayosoma flashi. Ushauri si mbaya, lakini rimoti ya deki ile mama anaijua hata gizani, nasi hatukuona sababu ya kumrudisha shule kwa jambo linalowezekana kwa alichonacho.

Ifahamike kwamba kunakili mafaili ya simu juu ya diski hakutoshi. Deki nyingi za zamani hazitayatambua. Zinataka DVD ya video hasa: picha zilizogeuzwa kuwa MPEG-2 kwa kipimo cha PAL, yaani nukta 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde, zikiwa zimepangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Tulitumia DVDStyler, programu ya bure inayogeuza na kupanga kwa pamoja. Diski ya kawaida ni ya GB 4.7, nayo huchukua kama saa mbili kwa ubora wa kuridhisha. Ukiilazimisha ibebe saa nne itabeba, ila uso wa msemaji utakuwa kama uliomwagiwa maji. Kwa hiyo tuliweka darasa nne nne.

Kilichotuchukulia muda ni menyu, ule ukurasa wa mwanzo wa kuchagulia. Kila sura ilipewa kitufe chake: Yasin, al-Mulk, al-Waqia na nyinginezo. Herufi zilikuwa kubwa, nyeupe juu ya kijani kilichoiva, na kitufe kilichochaguliwa kiligeuka njano ili mama ajue alipo. Hatukusogeza maandishi kwenye kingo, kwa kuwa runinga za chogo hukata pembeni. Darasa likiisha, diski hurudi kwenye menyu yenyewe badala ya kuingia darasa jingine.

Mmoja wetu alipendekeza menyu iwe na kisomo cha Qur'ani. Wazo lilitupendeza mpaka tulipokumbuka kwamba sauti ya menyu hujirudia yenyewe, na kwamba mtu akibonyeza kitufe aya hukatwa katikati. Tukaiacha kimya. Kwa adabu hiyo hiyo hatukuandika aya juu ya diski, maana diski ikikwaruzika huishia jalalani. Tuliandika namba tu, kwa kalamu ya wino yenye ncha laini. Karatasi ya gundi huiyumbisha diski inapozunguka.

Kabla ya kuchoma tuliyatazama mafaili yote tangu mwanzo hadi mwisho, na hili tunawasihi wenye kanda za harusi walitilie mkazo zaidi. Katika mafaili mawili kijana aliigeuza simu kuelekea ukumbini, wakaonekana dada zetu bila ya mitandio. Tulivikata vipande hivyo. Diski ikishatoka nyumbani hupita mikono mingi, na sitara ya mtu haipaswi kutegemea uaminifu wa jirani aliyeazima.

Diski ya kwanza tuliijaribu kwenye deki ya mama mwenyewe, kwa DVD ya kufutika, ndipo tukachoma nyingine kwa mwendo wa pole na kuzifunga. Diski isiyofungwa huenda isisomeke kwingine. Mafaili ya asili tumeyahifadhi katika nyumba mbili, kwani diski za kuchoma nazo huchakaa.

Katika darasa la Yasin baba anakohoa kwa muda mrefu, kisha anaomba maji. Kaka yetu mkubwa alitaka sehemu hiyo iondolewe, aonekane katika afya yake. Mama alikataa. Alisema maji yale alimpelekea yeye, na mkono unaoonekana ukipokea gilasi tupu ni wake.