Maneno Tusiyoambiwa

Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu mazungumzo ya marubani na waongoza ndege. Wenzangu hapa Likasi huniuliza: ndege na lugha, wapi na wapi? Nawajibu kwamba bila lugha ndege hairuki.

Rubani anayeondoka Luano, Lubumbashi, huongea na mnara kwa redio, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Mnara unasema na mmoja, lakini wote walio kwenye masafa hayo wanasikia, na hivyo wanajua nani anapanda, nani anashuka, nani yuko njiani mwao. Sisi watoto wa kambi za wafanyakazi wa migodi tunalielewa hilo. Habari nyingi za nyumbani hatukuambiwa. Tulizisikia wakubwa wakiambiana.

Siku hizi kuna CPDLC: maagizo hutumwa kwa maandishi na kutokea kwenye skrini ya rubani. Sentensi nyingi zimeandaliwa tayari. Rubani hujibu WILCO, yaani nitafanya, au UNABLE, siwezi. Faida yake ni ya kweli: mikwaruzo ya redio haimezi tarakimu, na mwenye lafudhi nzito haombwi kurudia mara tatu. Juu ya bahari ni nafuu kubwa.

Ila ujumbe huo humfikia mmoja tu. Hapo nafikiria Paris, uwanja wa Charles de Gaulle, tarehe 25 Mei 2000. Mwongoza ndege aliiruhusu MD-83 ya Air Liberté iruke, kwa Kifaransa. Mara akaiambia kwa Kiingereza ndege ndogo ya mizigo ya Uingereza, Shorts 330, ijipange kwenye barabara ile ile, akidhani iko mwanzoni, nyuma ya nyingine. Kumbe ilikuwa inaingilia katikati. Marubani wake hawakuwa wameelewa ruhusa ile ya Kifaransa. Bawa la MD-83 lilipiga chumba chao; rubani msaidizi akafa.

Wengi huona hapo hoja ya Kiingereza kwa wote. Mimi naona zaidi: kwenye maandishi ya mtu mmoja, kila rubani anakuwa kama Mwingereza yule. Jirani yake ameambiwa jambo, yeye hana habari. (Na hofu? Sauti huionyesha, skrini haina mtetemo.) Karibu na uwanja, nashukuru, redio bado inatawala.

Mwalimu wangu anataka nihesabu makosa ya matamshi. Nitayahesabu. Lakini sura ya tatu itakuwa ya wale waliokuwa wakisikiliza tu.