Miti ya Makka na Madina

Mahujaji wetu wa pwani warudipo nyumbani hutusimulia Kaaba, Zamzam, Rawdha na joto la Mina. Ni wachache watusimuliao miti. Ilhali miji hii miwili mitukufu ina sheria za miti zilizodumu zaidi ya miaka 1,400, zenye kufanana na zenye kutofautiana, na familia inayojiandaa kwa umra hufaidika kuzijua kabla ya kufunga mizigo.

Tuanze na mipaka ya Makka. Atokaye Jidda huingia katika Haram karibu na Hudaibiya, kilomita 20 na ushei kabla ya kuifikia Kaaba. Kwa njia ya Madina mpaka uko karibu zaidi. Huko ni Tan'im, kiasi cha kilomita 7, palipo na Msikiti wa Bibi Aisha, ambapo mama zetu wengi huenda kunuia umra ya pili. Ndani ya mipaka hiyo mti mbichi haukatwi. Mtume (S.A.W.) aliitangaza hukumu hii Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria. Hapo ami yake, Abbas, aliomba nyasi za idhkhir ziachiwe watu, kwa kuwa wahunzi walizihitaji na nyumba ziliezekwa kwazo. Mtume akakubali. Idhkhir ni nyasi zenye harufu nzuri, jamaa ya mchaichai tuutiao katika chai.

Imam Nawawi, katika Minhaj, ameeleza fidia kwa madhehebu yetu ya Kishafii: mti mkubwa ni ng'ombe, mdogo ni kondoo au mbuzi. Hata mti uliopandwa na mtu una hukumu hiyo. Lakini majani ya kulishia wanyama na ya dawa yameruhusiwa, na mti uliokwisha kukauka hauna lawama. Imam Malik yeye aliona kukata ni dhambi inayotaka toba, bila fidia.

Wengi huchanganya jambo moja hapa. Manukato, kucha na nywele vimefungwa na ihramu. Ukiivua, kizuizi kimekwisha. Mti umefungwa na ardhi yenyewe. Mwenye ihramu na asiye nayo, mkaazi na mgeni, wote ni sawa mbele yake. Tazama Arafa: hujaji husimama pale akiwa katika ihramu, lakini Arafa iko nje ya Haram, hivyo mti wake hauna hukumu ya mti wa Mina. Na mti utakaomfurahisha Mswahili pale ni mwarobaini, huu tuuitao pia mkilifi, uliopandwa kwa maelfu uwape mahujaji kivuli. Hauna fidia ya ng'ombe, lakini ni nani aliyesimama chini yake mchana wa Arafa akatamani ukatwe?

Kutoka Makka hadi Madina ni takriban kilomita 450, na siku hizi kuna treni ya mwendo kasi. Haram ya Madina iko baina ya mlima Ayr, upande wa kusini, na kilima cha Thawr, nyuma ya Uhud. Miti yake pia haikatwi, ila mtu amlishe ngamia wake. Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas alimkuta mtumwa akikata mti katika bonde la Aqiq akamvua nguo zake. Wenyewe walipokuja kumwombea arudishiwe, Sa'd alikataa, akisema hiyo ni haki aliyopewa na Mtume. Hata hivyo, kwa kauli ya baadaye ya Imam Shafii, Madina haina fidia kama ya Makka: kukata ni haramu, lakini mkataji hadaiwi mnyama. Wanazuoni wa Kishafii wamelitaja pia bonde la Wajj, huko Taif, nalo halina fidia. Wengine hawakuliona kuwa na hukumu hiyo.

Basi hukumu zimetofautiana, lakini miji yote miwili imeacha mlango wa haja. Ezeko la nyumba, kazi ya mhunzi, dawa ya mgonjwa na chakula cha mnyama vilisikilizwa. Lililofungiwa mlango ni kukata ovyo. Tuwafundishe watoto wetu kabla ya safari: tawi la Makka halivunjwi likawa kumbukumbu ya kuja nalo nyumbani.

Mitaa yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu si Haram, wala hakuna anayedaiwa ng'ombe kwa mwarobaini wa uani. Lakini tumefundishwa kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Kwa hivyo kabla ya kumwita mwenye shoka, tuulizane nyumbani: je, tawi linatishia paa na watoto, au tumechoka tu kufagia majani? La kwanza ni haja. La pili lina dawa yake, nayo ni ufagio.