Kikosi cha Kongo

Jamani wadau, leo naomba mniache kidogo na siasa za Dodoma. Nataka kuandika kuhusu wimbo mmoja tu, na mjomba wangu, na nchi ambayo sijawahi kukanyaga lakini ikitajwa kwenye taarifa ya habari moyo unashtuka kana kwamba wametaja kijiji chetu.

Nchi yenyewe ni Kongo. Wimbo ni Indépendance Cha Cha wa Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, na African Jazz yake.

Nianzie nyumbani. Nimekulia Bariadi, enzi hizo bado tunahesabiwa Mkoa wa Shinyanga, maana huu Simiyu tulipewa mwaka 2012. Kaka yake mama alikuwa dereva wa lori. Msimu wa pamba alikuwa anazunguka vijijini kukusanya pamba kwenye vituo na kuipeleka kiwandani, na msimu ukiisha anatafuta mizigo ya mbali. Safari moja alipeleka mafuta ya pamba Kigoma, akakaa huko karibu wiki mbili akisubiri mzigo wa kurudi nao. Alirudi na dagaa, mawese, na kaseti moja ya TDK ambayo mtu alikuwa ameiandika kwa peni ubavuni: KONGO ZA ZAMANI.

Sisi watoto tulikuwa tunaijua ile kaseti kama tunavyojua njia ya kisimani. Alikuwa anaipiga asubuhi ya siku ambazo hana safari, akinyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye mwembe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuanika betri juani ili ziongeze nguvu, na kuirudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa hizo betri. Malipo yangu yalikuwa michembe na ruhusa ya kukaa karibu na redio.

Wimbo wa kwanza upande A ndio huo. Lile gitaa la Dr. Nico mnalijua wenyewe, linatembea kama mtu aliyelipwa pesa zake za pamba zote bila kukatwa. Maneno hatukuelewa hata moja. Ni Kilingala, na Bariadi Kilingala angekitoa nani? Lakini mtoto hakubali kutoelewa, lazima ajaze mwenyewe. Kwanza nilikuwa na hakika kwamba wimbo unamhusu Chacha. Pale kwetu Wakurya ni majirani, Mara ni hapo juu tu, na Chacha tulikuwa naye mpaka darasani. Pili, katikati ya wimbo yule bwana anaanza kutaja majina, jina baada ya jina, kwa sauti ya mtu anayejidai. Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Bolikango, Tshombe, Kamitatu... Mimi nilikuwa nimeshasikia majina yakitajwa hivyo sehemu moja tu, kwenye redio, mtangazaji akisoma kikosi kabla ya mechi.

Nikamuuliza mjomba, "Hii ni timu gani?"

Akacheka mpaka akajikata kidogo kidevuni. "Timu ya Kongo hiyo, mjomba. Na Chacha ndiye kapteni."

Basi ikawa hivyo. Kwa miaka mingi Kongo kwangu ilikuwa timu. Tukicheza mpira wa makaratasi uwanjani kwa jirani, wenzangu ni Simba na Yanga, mimi nachezea Kongo na ninavaa jina la Bolikango, kwa sababu lilinikaa vizuri mdomoni. Nimekuja kusikia habari za vita vya Kongo, za waasi, za wakimbizi wa Nyarugusu kule Kigoma, nikiwa nimeshaipenda hiyo nchi siku nyingi. Ilikuwa kama kuambiwa habari mbaya za ndugu yako na watu wasiomjua. Nilikuwa nakasirika! Siyo kwa sababu nilijua kitu. Nilikuwa najua gitaa tu.

(Siyo mimi peke yangu, nadhani. Wabongo wengi Kongo yetu ilianzia masikioni. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, akaja kuwa wetu kabisa, tukamzika mwaka 2010. Maquis walitoka hukohuko. Hata Awilo Longomba ambaye shangazi zenu walimchezea kwenye maharusi, baba yake Vicky Longomba alikuwemo kwenye safari ya wimbo huu ninaousimulia. Na wale Longombas wa Nairobi ni wajukuu zake. Ukoo mmoja umetuchezesha vizazi vitatu.)

Nilikuja kuujua ukweli chuoni, mwaka wa pili. Mhadhiri wa historia alikuwa anatupitisha kwenye uhuru wa Kongo, akaandika majina ubaoni. Nikaona timu yangu. Nawaambieni kweli nilikaribia kusimama. Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, wote wale, wameandikwa kwa chaki, na mishale katikati yao. Mishale yenyewe ilikuwa ya nani alimgeuka nani.

Kwa wasioijua, hadithi ni hii. Januari 1960 Wabelgiji waliwaita wanasiasa wa Kongo Brussels kwenye kikao kilichoitwa Meza ya Duara. Lumumba alikuwa gerezani, ikabidi atolewe ili ahudhurie, kwa sababu wenzake waligoma kuendelea bila yeye. Tarehe 27 Januari ikakubaliwa kwamba uhuru utakuwa 30 Juni mwaka huohuo. Miezi mitano tu! Kabasele na vijana wake walikuwa hapohapo Brussels kuwaburudisha wajumbe, yeye, Dr. Nico na kaka yake Déchaud, Roger Izeidi, Petit Pierre, na wawili waliotoka OK Jazz, Brazzos na huyo Vicky. Wimbo ukatungwa palepale, wino wa makubaliano haujakauka. Ndani yake wakataja viongozi na vyama vyao, wakisema sasa wote ni kitu kimoja. Bendi yenyewe wakajitaja pia humo ndani, kama nao ni chama. Hapo huwa nacheka peke yangu.

Tarehe 30 Juni uhuru ukaja. Siku tano baadaye jeshi likaasi. Tarehe 11 Julai Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi yake, na mwezi wa nane Kalonji naye akafanya hivyohivyo Kasai Kusini. Septemba Kasavubu akatangaza kumfukuza Lumumba uwaziri mkuu, Lumumba naye akasema yeye ndiye anayemfukuza Kasavubu, na katikati ya ugomvi huo Mobutu akaingia. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akapelekwa kwa ndege Katanga, kwa Tshombe, pamoja na Mpolo na Okito, na usiku huohuo wakapigwa risasi. Afisa mmoja wa polisi wa Kibelgiji akauyeyusha mwili kwa tindikali, akabakiza jino.

Yaani hesabuni wenyewe. Kutoka wimbo mpaka kaburi ambalo halikuwepo, haujapita hata mwaka mmoja. Kikosi changu kilikuwa kimeuana.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Likizo ya Desemba 2019 nilirudi Bariadi na ujuaji wangu wa chuo. Mnajua tunavyokuwa. Mjomba alikuwa ameshaacha lori, mgongo umemkatalia, ana kiduka karibu na stendi. Redio ni ileile, kaseti ni ileile, na ile sehemu iliyowahi kutafunwa na redio, baada tu ya gitaa, bado inayumba. Jioni akaupiga wimbo kwa ajili yangu. Mimi badala ya kukaa nikasikiliza, nikaanza kumhutubia. Huyu alimgeuka huyu. Huyu alimuuza huyu. Huyu aliuawa na huyu unayemsikia sasa hivi akitajwa. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole majina yanavyopita, kama mtu anayeonyesha wezi kwenye foleni.

Hakusema kitu. Alisikiliza mpaka wimbo ukaisha, akabonyeza kitufe, akaniuliza kama nimekula.

Mwezi wa pili mama akanipigia. Akaniuliza, "Hivi ulimwambia nini mjomba wako? Siku hizi ile kaseti haipigi."

Wadau, nimeandika habari ambazo wakubwa wamepiga simu chumba cha habari wakifoka, sikukosa usingizi. Simu ile ya mama ilinikosesha. Mtu amebeba furaha yake kutoka Kigoma, ameitunza kwa kalamu na betri za kuanika, halafu mimi namvunjia kwa dakika tatu kwa sababu nimesoma mihadhara miwili. Na kibaya zaidi, nilichosema kilikuwa kweli. Hauwezi kuomba radhi kwa tarehe.

Nilijaribu mara mbili tatu kwenye simu. Kila nikianza ananikata, "Aah, mambo ya zamani hayo, mjomba. Mvua zimeanza huko Dar?"

Ikafika Juni 2022. Nilikuwa nimeanza kazi gazetini, nimewekwa ukurasa wa kimataifa ambako vijana wapya hutupwa. Ubelgiji ikalirudisha lile jino, lenye dhahabu, wakaikabidhi familia, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Mhariri akanipa nafasi ya maneno 150. Nikaandika mia nane. Akanitazama kwa huruma akakata mpaka yakabaki 120, tangazo la sabuni lilikuwa limeingia. Kesho yake nikatumwa kwenye mkutano na waandishi wa habari kule ofisi ndogo ya CCM, mtaa wa Lumumba. Nikamwuliza mpiga picha wetu, mshikaji mzuri tu, unajua jana Lumumba kazikwa? Akajibu, "Lumumba si mtaa?" Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilimjua kama winga.

Jioni ile nikampigia mjomba. Nikamwambia wamemzika.

"Wamezika jino?"

"Ndiyo mjomba. Ndilo lililobaki."

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na watu walikuja?"

Nikamwambia walijaa, limezungushwa mikoani kwanza, kijijini kwake, mpaka kule Katanga alikouawa. Akasema, "Basi vizuri." Halafu kwa mara ya kwanza akaanza mwenyewe. Akaniuliza kama nakumbuka mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu. Nikasema nakumbuka, kwetu sisi ni Bagalu. Akasema, "Ningi anapoanza kuimba asubuhi, anaimbaje?"

Kwa wasio Wasukuma, ningi ni manju, kiongozi wa waimbaji. Makundi mawili yanacheza siku nzima, na lenye kuvuta watu wengi ndilo limeshinda. Nikajibu, anaimba kwamba ameshashinda.

"Na watu wanahesabiwa saa ngapi?"

"Jioni."

"Sasa wewe unamwambia nini yule bwana wa asubuhi?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nimelizungusha sana swali lile. Kuna siku naona mjomba yuko sahihi, kwamba Kabasele hakudanganya mtu, aliimba saa aliyoimba. Kuna siku naona hapana, siku watoto wa Goma wanapobeba magodoro barabarani, na mimi mwandishi niliyepaswa kuona nchi hiyo kwa macho makavu, kichwani linanipigia gitaa. Mapenzi ya namna hii yanamsaidia nani? Januari 2025 M23 walipoingia Goma nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa siwezi kuandika sentensi ya kwanza. Wiki mbili baadaye, Februari 8, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na SADC wakakutana hapa Dar kuhusu hiyohiyo Kongo. Barabara zikafungwa, tukasimama juani na kamera zetu. Nikawaza, meza nyingine hiyo. Nikasubiri nisikie kama kuna mtu anatunga wimbo. Zilikuwepo king'ora tu.

Mjomba akapiga siku ileile usiku. Alikuwa amesikia redioni.

"Vipi kikosi chetu?"

"Bado kinafungwa, mjomba."

"Sasa nisikilize. Ile kaseti imekatika kabisa, utepe wote umetoka nje. Hawa vijana wa stendi wanasema wimbo unaweza kuwekwa kwenye memori kadi."

Nilimpelekea Pasaka. Kadi ndogo kama kucha, na redio ya Kichina yenye taa za kuwakawaka ambazo alizifunika kwa plasta. Nilitafuta rekodi safi kabisa, unasikia mpaka vidole vya Nico. Tukakaa mbele ya duka na watu wawili waliokuwa wanasubiri basi la Lamadi. Gitaa likapita, na tulipofika pale ilipokuwa inayumba, mjomba akainua mkono kidogo kama mtu anayesubiri shimo barabarani. Halikuja. Majina yakaanza.

Akasema wimbo umekuwa mfupi. Nikamwambia ni uleule. Akasema hapana, ni mfupi, rudisha.