Apana Mikono

Neno la kwanza nililoambiwa Kongo lilikuwa katazo. Boti kutoka Ntoroko, upande wa Uganda, ilikuwa imegusa mchanga wa Kasenyi, nami nikamnyooshea mkono kijana aliyenipokelea begi. Akarudi nyuma hatua moja. "Apana mikono, yaya," akasema, kama huko wanavyomwita ndugu mkubwa, akanipa kiwiko. Pembeni ilingoja ndoo ya maji ya klorini, na mhudumu mwenye glavu akanielekezea kipimajoto kwenye paji la uso.

Ilikuwa Agosti 2019. Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini mwaka mmoja kabla, ilikuwa imeshaingia Ituri, mkoa niliokuwa nimeukanyaga. Nami, kwa akili zangu za Dar es Salaam, nilikuwa nimekuja kutafuta sanaa ya kugusana.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa naandika juu ya wasanii wa siku hizi ambao kazi yao ni ukaribu wa mtu na mtu. Anayetajwa kila mahali ni Marina Abramović. Mwaka 2010, katika jumba la MoMA, New York, alikaa kitini kwa zaidi ya saa 700, kila aliyeketi mbele yake wakitazamana tu, bila kusema, bila kugusana. Siku ya ufunguzi akaja Ulay, aliyewahi kuwa mpenzi wake na mwenzake wa kazi. Abramović akanyoosha mikono juu ya meza, akaishika ya Ulay. Sharti alilivunja mwenye sharti. Saa nyingine zote hizo, sijui nani huzisimulia.

Kampala niliona kitu cha karibu zaidi nasi. Sanaa Gateja hutengeneza picha za shanga za karatasi, zilizoviringishwa moja moja, zikashonwa juu ya gome la mutuba. Gome hilo ndilo lubugo, ambalo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, na ndilo Baganda wanalomfungia maiti. Mtu mmoja akaniambia: vuka ziwa, Bambuti, watu wa msitu wa Ituri, gome lao humpokea mtoto mchanga. Nikavuka.

Njia ya Bunia hupanda ukuta wa bonde la ufa hadi Bogoro, kijiji ambacho jina lake lilifika mahakamani The Hague kwa mauaji ya Februari 2003. Mwendesha pikipiki hakupunguza mwendo, nami sikuuliza.

Bunia yenyewe ilikuwa vumbi, pikipiki na ndoo. Ndoo mlangoni mwa kanisa, ndoo mbele ya duka la simu, ndoo hotelini. Magari ya watu wa Riposte, ndivyo walivyoitwa waliopambana na ugonjwa, yalipita juu chini kwenye Bulevadi ya Ukombozi. Mwenyeji wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinieleza salamu ya huku ilivyokuwa: wanaume hugusanisha vichwa, panja kwa panja, kulia, kushoto, kisha tena. Sokoni niliwaona wazee wawili wakikutana. Wakasogeleana, wakasimama, wakaviyumbisha vichwa upande huu, upande ule, upande huu tena, kati yao pakiwa na nafasi ya shubiri moja. Hawakucheka. Kila kichwa kilijua kingine kilipo.

"Kunawa tumezoea," mwalimu alisema jioni. "Kinachotuuma ni mazishi." Siku hizo maiti zilitiwa kwenye mfuko na watu waliojifunika mwili mzima, ndugu wakisimama mbali. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, waliokufa walikuwa 2,287.

Siku ya tatu alinipeleka kwa mama mmoja aliyetoka upande wa Mambasa. Kwanza akaniamuru ninawe. Kisha akafunua gome nililolifuata, rangi ya mchanga mkavu. Wanaume huliponda kwa nyundo mpaka lilainike, wanawake hulichora kwa kidole au kijiti, kwa maji ya tunda la msituni yaliyochanganywa na makaa. Mistari ilikwenda sambamba, ikakatika ghafla, pakaachwa patupu, ikaanzia pengine. Nikamuuliza maana yake.

"Shika," akasema.

Nikashika. Upande mmoja ulikuwa laini kama sikio la mbuzi, mwingine bado una alama za nyundo. Nikauliza kwa nini pale katikati pameachwa. Akaweka kiganja chake juu ya patupu, pakamtosha. Changu kilizidi. Tukapatana bei kwa dola, kama vitu vingi huku.

Kasenyi, wakati wa kurudi, mhudumu mwenye glavu alitaka kujua nimebeba nini. Nikalitandaza gome juu ya begi. Akafuata mstari mmoja kwa kidole mpaka ulipokatika. Akatazama huku na huku, akavua glavu, akarudia mstari uleule tangu mwanzo, polepole, akapita patupu, akafika ng'ambo. Kisha akaenda kunawa, akanionyesha ndoo: zamu yangu.