Daftari la Mama Simu

Meza yangu ilikuwa mbele ya duka la nafaka, hatua chache tu kutoka pale yaliposimama malori ya Moyale. Juu yake palikuwa na simu ya jamii, betri ya gari ya kuichaji, na daftari la kurasa 96. Mwaka wa 2004 watu wengi wa Isiolo hawakuwa na simu zao, kwa hivyo walikuja kwangu. Waliniita Mama Simu, na mpaka leo wapo wasiojua jina langu jingine.

Nilidhani kazi ni kupigisha watu simu, kuhesabu dakika na kupokea shilingi. Lakini mzee aliyeshuka lorini akiwa na vumbi la siku mbili hakuja na nambari. Alikuja na swali. Nani hapa anauza dawa ya kupe? Lori gani linarudi Marsabit leo bila mzigo? Yule fundi wa pampu za maji yuko Bulapesa au Kulamawe? Mitaa yetu haikuwa na majina ya barabara wala nambari za nyumba. Mtu alielekezwa kwa msikiti, kwa mgunga mkubwa, kwa mlango wa bati la kijani. Kila jibu nililolipata niliandika: ukurasa wa madereva, ukurasa wa wakunga, ukurasa wa madaktari wa mifugo. Pembeni niliongeza yale ambayo nambari haisemi. Huyu asipigiwe saa ya swala. Huyu anajua Kirendille. Huyu hukubali kulipwa mvua ikinyesha.

Siku hizo ndipo bei za mifugo zilipoanza kupatikana kwa ujumbe mfupi. Serikali, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M cha Marekani, walikuwa wameweka watu masokoni wa kuuliza bei na kuzituma. Mwenye simu alituma jina la soko na aina ya mnyama, akajibiwa.

Namkumbuka mzee mmoja wa Kiborana kutoka upande wa Merti, aliyekuja na mbuzi kumi na wanane. Dalali alikuwa amemwambia 1,100 kwa kila mmoja, na kwamba Nairobi soko limelala.

"Mama Simu," akasema, amesimama mbali kidogo na meza, "niulizie. Huyu kijana anasema kweli?"

"Keti kwanza, mzee."

Nikatuma ujumbe. Jibu lilipokuja lilisema 1,700, lakini lilikuwa la wiki iliyopita, na wiki moja sokoni ni muda mrefu. Nikafungua daftari, nikampigia mchinjaji mmoja wa Kiamaiko, huko Nairobi. Asubuhi ile walikuwa wananunua kwa 1,900. Mzee akatoa nauli ya lori na ushuru, akihesabu kwa vidole, kisha akarudi kwa dalali bila haraka. Aliuza kwa 1,450. Alasiri akaja kunilipa dakika zake, na akaniwekea mezani chupa ya maziwa ya ngamia aliyoyanunua kwa akina mama wa steji.

Usiku ule sikulala. Marehemu baba yangu aliuza mbuzi katika soko lile lile maisha yake yote, na hakuna siku hata moja aliyojua mji uliokula nyama yake ulilipa kiasi gani.

Mengine yalikwenda mbio. M-Pesa ikaja 2007. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti zikafika Mombasa kwa njia ya bahari, na huko Uganda, mwaka huo huo, Google na MTN wakaanza kujibu maswali ya watu kwa ujumbe mfupi: ya kilimo, ya afya, ya biashara. Mwaka wa 2011 Ideos, simu yenye intaneti, ikaingia madukani kwa shilingi elfu 8 hivi, na vijana wetu wakaanza kutafuta wenyewe. Meza yangu ikafa. Sikuumia sana, nilikuwa nimechoka na jua.

Kijana wangu ndiye aliyerudi kwenye daftari. Google ilikuwa imewaruhusu watu kuchora ramani za miji yao wenyewe, kazi iliyoendelea hadi 2017. Aliketi nami jioni nyingi, mimi nikisoma, yeye akiandika. Tulibishana kama Bulapesa ni neno moja au mawili. Tulifika mahali tukanyamaza pia. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na watu wamekufa kwa sababu ya mipaka. Jina unaloliandika kwenye ramani linaweza kuwa dai. Vipande viwili vya mji vilivyokuwa na majina mawili kila kimoja nilimwambia aviache wazi. Bado naona tulifanya vyema.

Yule fundi wa pampu alikuwa wa kwanza kuwekwa kwenye ramani. Alifariki miaka kadhaa iliyopita. Simu bado inasema karakana yake hufunguliwa saa mbili asubuhi, na wageni wanaifuata, wanakuta kufuli, wanageuka na kuniuliza mimi niliyeketi kibarazani. Nawapeleka mwenyewe kwa mwanawe, nyuma ya msikiti. Kijana wangu anasema kuifuta ni kazi ya dakika moja. Nimemwomba asubiri kidogo.