Koti la Studio

Baba alipofariki nilikuwa Liverpool, na familia ilinipa kazi moja tu: kuchagua picha ya kuweka kwenye jalada la programu ya mazishi. Wenzangu walikuwa Voi wakihangaika na mochari, hema, ng'ombe na michango. Mimi nauli ilinishinda. Basi dada yangu mkubwa akaandika kwenye kikundi cha familia: "Wewe uliye mbali, tuchagulie picha." Nilijua ni huruma. Walikuwa wananitafutia pa kushika jeneza.

Picha nzuri ya Baba ni moja. Ilipigwa mwaka 1991 katika studio iliyokuwa karibu na steji ya matatu. Baba amesimama, amevaa koti jeusi na tai. Mama ameketi kwenye kiti chenye mikono, mimi nimepakatwa, dada ameshika ua la plastiki. Nyuma yetu kuna ngazi pana inayopanda ghorofani, dirisha lenye pazia jekundu, na nje ya dirisha ziwa lenye mashua. Sisi tulikuwa tukiishi chumba kimoja, kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Ngazi ya kwanza kuipanda maishani mwangu ilikuwa ya shule ya upili.

Nikaikataa picha ile. Niliandika kwamba ni uongo, Baba hakuwahi kumiliki koti. Tuweke ile ya simu, amevaa fulana na kofia, anacheka. Mdogo wangu akajibu papo hapo: "Kwa hivyo unataka watu wamwone maskini hata siku ya kuzikwa?" Kikundi kikawaka moto. Mama alisoma zote, alama za bluu zikaonekana, lakini hakuandika neno.

Siku iliyofuata sikuwa na zamu. Ninafanya kazi ya kutunza wazee, na siku isiyo na zamu huwa nalala, lakini usingizi ulikataa. Nikatoka nikatembea kwenye mvua hadi karibu na kituo cha treni cha Lime Street, na kwa kuwa kiingilio ni bure nikajitosa ndani ya jumba la sanaa la Walker. Sikuingia kutafuta sanaa. Niliingia kutafuta pakavu.

Humo ndani nikasimamishwa na picha ya mume na mke, Bwana na Bibi Atherton, iliyochorwa karibu mwaka 1743. Bwana Atherton alikuwa mkubwa wa mji wa Preston, kaskazini mwa Liverpool, na aliwahi kuwa meya wake. Chumba walimo ni kikubwa, kuta zimepigwa mbao, kuna meko, na sakafu ni mbao tupu bila zulia. Wenyewe ni wadogo, kama waliopachikwa humo baadaye. Nguo zao zinang'aa. Hawagusani. Nyuso zao hazina furaha wala huzuni. Ni nyuso za watu walioambiwa wasitikisike.

Nilicheka peke yangu. Niliujua ule mkao. Ni mkao wa mtu anayengoja mpiga picha aseme tayari.

Mchoraji wake anaitwa Arthur Devis. Alizaliwa Preston mwaka 1712, na wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa kwao huko mikoani: wenye mashamba, mawakili, wafanyabiashara waliopata pesa na sasa wakataka kuonekana kama watu wa ukoo. Hawakuwa wafalme. Walikuwa mabwanyenye wa kadiri, wenye ardhi ya kutosha kuringia majirani. Baadaye Devis alihamia London, lakini wateja wa aina hiyo hawakumwacha. Picha za namna hii Waingereza waliziita picha za mazungumzo, ingawa kwa Devis hakuna anayezungumza.

Usiku ule nilikaa na simu nikisoma habari zake, na kila nilichosoma kilinirudisha kwenye studio ya Voi. Vile vyumba, kwa mfano. Wachunguzi wa sanaa wanasema vingi havikuwa vyumba vya wenyewe. Devis alivibuni, na chumba kimoja akakirudia kwa familia hii na ile kwa kubadilisha vitu vichache. Mikao na magauni navyo hivyo hivyo: gauni la hariri la bibi huyu unalikuta kwa bibi mwingine wa ukoo mwingine kabisa. Inaaminika alikuwa akivisha nguo wanasesere na kuchora mikunjo ya kitambaa kutoka kwao, ndiyo maana watu wake wana ule ukavu wa viungo. Mteja alileta uso na pesa. Vingine vyote vilikuwa vya studio.

Hata mikono ilikuwa na kanuni yake. Mwaka 1737 mwalimu wa dansi aitwaye François Nivelon alitoa kitabu London, chenye michoro ya kufundisha watu wasimameje, watembeeje, waiweke wapi mikono yao. Mwanamume muungwana alitia mkono mmoja ndani ya kizibao, vifungo viwili vitatu vikiwa wazi. Ukitazama wanaume wa Devis utawaona wengi wamefanya hivyo. Tajiri mpya alijifunza kusimama kama vile mtoto anavyojifunza kusimama.

Kuna nyingine inayohifadhiwa na Tate ya London, ya mwaka 1751, familia ya James. Baba, mama na mabinti wawili wako nje kwenye bustani kubwa, nyasi na miti na utulivu. Robert James alikuwa katibu wa Kampuni ya India Mashariki. Niliikuza kwenye simu kwa vidole viwili, nikatafuta mtu anayefyeka zile nyasi. Hayumo. Sisi tuliolelewa kwenye laini tunajua kwamba shamba safi halijisafishi lenyewe. Kama Baba angeishi enzi hizo na nchi hiyo, Devis asingemchora.

Nilikuwa karibu kufunga simu nikiwa na hoja yangu tayari kwa kikundi: kumbe hata Wazungu walidanganya, lakini uongo ni uongo. Ndipo nikafika kwenye maisha ya Devis mwenyewe. Alioa mwaka 1742. Yeye na mkewe Elizabeth walipata watoto 22. Waliosalimika utotoni ni sita.

Hesabu ile ilinikalisha kimya. Ina maana miaka yote aliyokuwa akizipanga familia za wenzake, watoto safu moja, nguo zimenyooka, alikuwa akitoka makaburini na kurudi kwenye rangi.

Nikampigia Mama. Huko kulikuwa usiku wa manane, lakini nyumba ya matanga hailali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamwuliza kuhusu picha.

"Wewe unagombana na koti," akasema. "Koti lilikuwa la studio, nani asiyejua? Laini nzima ilipigwa picha na koti lile. Karani, mlinzi, hata mhubiri. Mtu akiingia nyumbani kwetu akiiona ukutani, anasema, aa, lile koti letu."

Kisha akaniuliza: "Mkono wa kushoto wa baba yako umeuona?"

Haupo kwenye picha. Uko nyuma ya kiti. Maisha yangu yote nilidhani alikuwa amemshika Mama mgongo.

Baba alikuwa na kidole cha shahada kisichokunja. Tuliambiwa ni kisu cha mkonge, na ni kweli, lakini Mama hakuwahi kutusimulia yaliyofuata. Kisu kilimkata siku ya Alhamisi. Akapewa pesa kidogo za kwenda kushonwa mjini na ruhusa ya siku mbili bila mshahara. Ijumaa asubuhi akatuchukua sote, Mama akidhani tunamsindikiza hospitalini. Tukashukia steji, na Baba akaingia studio. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa cha leso, damu imepenya. Mpiga picha akamwambia auweke mkono ule nyuma.

"Nilimgombeza mpaka tukafika nyumbani," Mama akasema. "Pesa ya dawa, mtu anaipigia picha!"

"Akasemaje?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia watu wakiimba nje.

"Kabla yako kulikuwa na mwingine. Hilo unalijua. Alikaa miezi saba. Sina hata kipande cha kumwonyesha mtu sura yake. Baba yako alisema hazai tena mtoto na kumzika bila picha. Wewe ulikuwa na miezi sita, na ulikuwa ukikohoa."

Sikuwa na la kumjibu. Niliitazama picha upya nikaona kile ambacho sikuwa nimekiona kwa zaidi ya miaka thelathini: macho ya Baba hayaangalii kamera. Yameinama kidogo, yananiangalia mimi.

Asubuhi nikaandika kwenye kikundi: tutumie ya studio. Mdogo wangu akaweka vidole gumba vitatu. Mpiga chapa wa programu akanitumia mfano. Alikuwa ameukata uso wa Baba peke yake na kuuzungushia mawingu na njiwa, kama wafanyavyo. Nikamwomba aiweke nzima.

"Hata hizi ngazi?" akauliza. "Zinaonekana ni za kuchorwa."

"Hata hizo. Na kiti, na mkono uliojificha."

Mazishi niliyatazama kwa simu, mpwa wangu akiwa ameishika juu ya vichwa vya watu. Mtandao ulikuwa ukikatika. Wakati mhubiri akisoma, kamera iliteremka kidogo ikamwangukia mzee mmoja wa laini, rafiki ya Baba tangu ujana, ameketi kiti cha plastiki na programu magotini. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akampiga kiwiko mwenzake, akaweka kidole juu ya jalada, na nikaona midomo yake ikisema neno ambalo sikuhitaji kulisikia. Wote wawili wakacheka, wakaufuta uso, wakarudi kuimba.